Mkimbiaji, mkimbizi, kimbilio: kumbukumbu ya John Akii-Bua

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu mwenye pupa, yule anayedhani kwamba kasi yake haina mwisho. Sisi walimu huwapa wanafunzi waitungie kisa, nao hutuandikia habari za wezi wa mali ya umma waliofika ukingoni wakanaswa. Lakini mwaka huu, baada ya kutimiza umri wa miaka 47, nimeanza kuielewa methali hii kwa namna nyingine. Naona kwamba inamhusu kila mtu, mwema na mwovu. Kila sakafu ina ukingo wake, nasi sote tu mbioni kuuelekea. Linalobaki kuulizwa ni moja: je, mtu akifika ukingoni, kile alichokuwa nacho mkononi kinamwendea nani?

Swali hili lilinijia nikiwa Turkana. Nilikuwa Lodwar kwa shughuli za kitaaluma, na zilipomalizika nikasafiri hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara iendayo Lokichoggio, kumtembelea mwalimu mmoja tuliyesoma pamoja. Alasiri, jua lilipopunguza ukali wake, tulikwenda kiwanjani. Njia za mbio zilikuwa zimechorwa kwa majivu juu ya mchanga, na wanafunzi, wenyeji wa Turkana pamoja na watoto wa wakimbizi, walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya shule. Rafiki yangu alikuwa mkimbiaji wa mita 400 enzi za ujana wake. Sasa goti lake la kushoto limegoma, na hawezi tena kuwaonyesha vijana namna ya kupiga kona kwa kasi. Huwaonyesha kwa mikono, kwa filimbi na kwa maneno. Nilimtazama akimshika kijana mmoja begani, akaliinamisha bega lile kidogo upande wa ndani, kisha akamwachilia aende. Kijana alikwenda vizuri kuliko awali.

Tulipopumzika, niliwasimulia vijana wale habari za marehemu John Akii-Bua. Mmoja wao, ambaye wazazi wake walitoka Sudan Kusini, aliniuliza: "Mwalimu, alipokuwa kambini, alijua kwamba angetoka?" Nilibabaika. Makala haya ni juhudi yangu ya kumjibu.

Kwa manufaa ya wasomaji waliozaliwa karibuni, nieleze kwanza alikuwa nani. Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Kijana alijiunga na polisi, na huko ndiko kipawa chake cha riadha kilikotambuliwa. Chini ya uangalizi wa Malcolm Arnold, kocha kutoka Uingereza, alizamia mbio za mita 400 kuruka viunzi. Hizi ni mbio zisizo na huruma. Mkimbiaji huuzunguka uwanja mzima kwa kasi, huku akikabiliwa na viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4, na baina ya kiunzi na kiunzi pana mita 35. Akikosea hatua kwenye kiunzi cha tatu, hulipa deni hilo kwenye kiunzi cha nane. Arnold alimfanyisha mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito wa kumlemea, ili siku ya mashindano mwili uone wepesi.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akii-Bua alimaliza wa nne. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Septemba 1972, alisimama kwenye fainali ya Olimpiki mjini Munich. Alikuwa amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na haipendwi na mkimbiaji yeyote. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia, na pia Ralph Mann wa Marekani. Kijana huyo wa miaka 22 aliwaacha wote nyuma na kumaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akiwapungia watazamaji mkono.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nigeukie maneno kidogo. Kitenzi kukimbia katika Kiswahili kina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Mtu hukimbia ili awahi, na mtu hukimbia ili aokoke. Kutokana na mzizi huo mmoja tumepata mkimbiaji, ambaye hushangiliwa, na mkimbizi, ambaye huorodheshwa. Tumepata vilevile kimbilio, yaani mahali au mtu ambaye mwenye dhiki humwendea. Ziko lugha ambazo mambo haya matatu hupewa maneno yasiyo na udugu wowote. Kiswahili kimeyaacha pamoja. Naye Akii-Bua, katika maisha yake mafupi, alizipitia nomino zote tatu.

Alianza kwa kuwa mkimbiaji, kama tulivyoona. Idi Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba, na barabara mjini Kampala ikapewa jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, na Walango, watu wa kabila la Milton Obote aliyepinduliwa mwaka 1971, walikuwa wakiteswa na kuuawa na utawala ule ule. Kila Amin alipoulizwa kuhusu mateso hayo, alimtaja Akii-Bua kama ushahidi kwamba Walango wanastawi. Tafakari, msomaji, uzito wa fulana hiyo ambayo hakuna kocha aliyeichagua.

Mwaka 1976 Uganda, pamoja na Kenya na mataifa mengine mengi ya Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Huko Montreal, Edwin Moses wa Marekani alitwaa dhahabu na kuivunja rekodi ya Akii-Bua, bila wawili hao kupata fursa ya kupimana ubavu. Sisemi kwamba mgomo ule haukuwa wa haki. Nasema tu kwamba Akii-Bua alikuwa na umri wa miaka 26, na kwa mkimbiaji wa masafa mafupi mwaka kama huo haurudi. Ujana ni moshi.

Kisha ukaja mwaka 1979. Utawala wa Amin ulipokuwa ukiporomoka, Akii-Bua alichelea kuhesabiwa miongoni mwa vibaraka wake. Akaichukua familia yake akakimbilia Kenya, na hapa kwetu bingwa wa Olimpiki akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Haikuwa Kakuma, kwani kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, vijana waliotembea kutoka Sudan walipovuka mpaka. Lakini kambi ni kambi. Aliyetokwa jasho mbele ya dunia nzima alisubiri zamu yake kama wengine. Hatimaye kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa, ilimtoa ikampa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda mjini Moscow, akiwa na umri wa miaka 30, na hakufika fainali. Baadaye alirejea nyumbani akawa kocha.

Hapo ndipo alipokuwa kimbilio, na hapo ndipo kumbukumbu zetu hunyamaza. Tuna picha na filamu za Munich. Kuhusu miaka yake ya ukocha, ya kuamka alfajiri na kuwaonyesha vijana wasiojulikana namna ya kuuinua mguu wa nyuma juu ya kiunzi, hatuna hata robo ya hayo. Alifariki Juni 1997, mjane, akiwaacha watoto 11. Alikuwa na umri wa miaka 47. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa.

Neno marehemu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyerehemewa. Ni neno zuri. Lakini kuna neno jingine ambalo Akii-Bua hakulipata sawasawa, nalo ni mzee. Alitoka kwenye ujana akaenda moja kwa moja kwenye umarehemu, bila ya kukaa kitako katika kile kipindi ambacho mtu hutazamwa na kusikilizwa kwa ajili ya yale aliyoyaona. Nilipoutambua umri wake kuwa ni umri wangu, niliona aibu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilalamika juu ya miwani ya kusomea na majina ya wanafunzi yanayonitoroka ulimini. Nilikuwa nikiyahesabu kama hasara. Kumbe hayo ni mambo ambayo wengine walinyimwa.

Mkimbiaji wa masafa mafupi huzeeka mara mbili. Mara ya kwanza ni pale anapokaribia miaka 30, mbele ya macho ya watu, na saa ya mkononi ndiyo inayotoa hukumu. Nyuzi za misuli zinazofyatuka kwa haraka ndizo zinazotangulia kudhoofika, ilhali zile za ustahimilivu huvumilia zaidi. Ndiyo maana Eliud Kipchoge aliweza kuweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 37, umri ambao bingwa wa mita 400 huwa ameshatundika viatu zamani. Mara ya pili huzeeka kama sisi sote, polepole, kwa magoti na macho. Kwa hiyo mkimbiaji huyu analo somo ambalo sisi wengine hatujalipata: ameshawahi kupoteza kitu alichokipenda kuliko vyote, na ikambidi aamke kesho yake atafute namna nyingine ya kuwa mtu.

Tazama lakini lugha tunayomtumia. Kurasa za michezo humwita mchezaji wa miaka 33 mkongwe, na mara nyingi neno hilo huwa utangulizi wa kumwondoa. Tunasema kwamba amechuja, kwamba amekwisha. Vitu ndivyo vichakaavyo na kwisha, kama viatu na magunia. Mtu huzeeka, na kitenzi kuzeeka kimetoka kwenye neno lile lile tunalolitumia kumheshimu baba na jirani. Tukimweleza mwanamichezo kwa msamiati wa viatu, tusishangae tukimtupa kama kiatu.

Wapo watakaosema kwamba Akii-Bua aliheshimiwa vya kutosha, maadamu alipewa mazishi ya kitaifa, na mji wa Lira una uwanja uitwao kwa jina lake. Sikatai. Lakini jina kwenye lango la uwanja halimfundishi mtoto kuhesabu hatua baina ya kiunzi na kiunzi. Uganda ilingoja miaka 40, tangu 1972 hadi 2012, kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, na aliyeileta, Stephen Kiprotich, aliipata katika marathoni. Sidai kwamba sababu ya ngoja ngoja hiyo ilikuwa moja. Vita na umaskini vilikuwa na sehemu kubwa. Nadai tu kwamba ujuzi usiopokelewa na mtu hufa na mwenyewe.

Wenyeji wa Turkana waliliona jambo hili kabla yetu. Katika utaratibu wao wa rika, wanaume wamegawanyika katika makundi mawili, Ngimor, yaani mawe, na Ngirisai, yaani chui. Mtoto wa kiume huwa katika kundi lisilo la baba yake, na kwa hiyo huangukia katika kundi la babu yake. Aliye chui ana baba aliye jiwe na babu aliye chui. Kwa utaratibu huu kijana na mzee hukaa upande mmoja, na mtu anapozeeka huona jina la kundi lake likiendelea kutembea kwa miguu ya mjukuu. Sitaki kupamba mila za watu kupita kiasi, kwani Turkana nako ukame na uvamizi wa mifugo vimewanyima wengi uzee. Lakini wazo lenyewe ni la kuzingatiwa: uzee umepewa mwenzi wake tangu mwanzo.

Riadha nayo ina mfano wake. Munich hiyo hiyo ya 1972, Wakenya wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walitwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Sang alifariki mwaka 2004 na Ouko mwaka 2019. Kanuni ya mbio hizo ni kwamba kijiti hukabidhiwa ndani ya eneo la mita 20. Humo anayemaliza, hoi na miguu ikimtetemeka, bado anakimbia, na anayepokea ameshaanza kukimbia. Kwa mita chache wote wawili wamo mbioni pamoja. Anayesimama kabla ya kukabidhi huwaangusha wenzake, na anayeondoka bila kungoja huenda mikono mitupu. Naona kwamba umri wa kati, huu wangu na wa walimu wengi wanaosoma ukurasa huu, ndilo eneo hilo la kukabidhi.

Turkana haikosi vipawa vya kupokea kijiti. Paul Ereng, Mturkana aliyeanza na mita 400 kabla ya kuhamia mita 800, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na baadaye akawa kocha wa chuo kikuu huko Texas. Timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ile ya Rio ya mwaka 2016, ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walitoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera, na James Nyang Chiengjiek alikimbia mita 400. Waliokwenda kuwatafuta na kuwafunza waliongozwa na Tegla Loroupe, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa marathoni. Hapo mkimbiaji aliyestaafu mbio alikuwa kimbilio la mkimbizi aliye pia mkimbiaji, na msamiati wetu ukatimia.

Je, sisi tufanye nini? Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Ni hatua njema, lakini mkondo bila chemchemi hukauka. Shule nyingi zimezoea kukigeuza kipindi cha michezo kuwa kipindi cha hisabati mitihani inapokaribia, na walimu waliowahi kukimbia hawaulizwi lolote. Napendekeza kwamba kila kaunti iwatafute wanariadha wake waliostaafu, wenye medali na wasio na medali, na kuwalipa ujira wa haki ili wafundishe shuleni, kambini na katika makazi ya Kalobeyei. Cheti cha ukocha kinaweza kusomewa. Miaka 20 ya kupiga kona haisomewi.

Nanyi wanafunzi, chukueni daftari. Katika kila kata yupo mzee aliyekimbia, aliyeogelea, aliyecheza mpira au aliyechunga mifugo kwa mwendo wa siku nyingi. Mwulizeni alifanyaje, si alishinda nini. Andikeni kwa Kiswahili, na kwa Kiturkana pia, maneno anayoyatumia kutaja hatua, pumzi na uchovu. Mimi ninayefanya kazi ya kukusanya maneno nawahakikishia kwamba msamiati wa ufundi ndio unaotangulia kufa mzee anapozikwa.

Sasa nimjibu kijana wa Kakuma. La, hakujua kwamba angetoka. Na ukweli ulio mchungu zaidi ni kwamba aliyemtoa alimtoa kwa sababu ya medali. Wale waliolala karibu naye kambini, ambao hawakuwa na medali, hakuna kampuni ya viatu iliyowafuata. Kwa hiyo sikuambii ungoje kuokolewa na medali, ijapokuwa naiombea miguu yako heri. Nakuambia utazame alichokifanya alipotoka. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi kwenye nchi iliyokuwa bado haijatulia, akasimama kando ya njia ya mbio, akawafundisha wengine kuruka. Hilo halikuhitaji sekunde 47.82. Lilihitaji mtu aliyekubali kwamba zamu yake ya kukimbia imekwisha na zamu ya kukabidhi imeanza.

Nilipoondoka kiwanjani jioni ile, rafiki yangu alikuwa angali amesimama kwenye kona, goti lake bovu limelegezwa, filimbi mdomoni. Mwite mzee ukipenda, hataudhika. Mimi nimerudi darasani nikiwa na haraka mpya, na sijali tena kwamba ninavaa miwani.